Kosa la Kumtangulia Waziri

Ta. Kimya. Ta.

Ilikuwa swichi ya taa ya sebuleni, alfajiri, jogoo akiwa bado hajakung'uta mabawa. Nilikuwa kitandani nikisikiliza. Mjukuu wangu Sikitu alikuwa amesimama gizani akiibonyeza ile swichi, na kila taa isipowaka nilimsikia akishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa tenga la kuni.

Katika nchi yetu, ambayo jina lake silitaji kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali na ofisi ya vibali iko likizo, watu huamka wakiomba umeme uwepo. Asubuhi ile nadhani mjukuu wangu ndiye pekee aliyekuwa akiomba usiwepo.

"Mke mwenzangu," nikamwita, "utaivunja hiyo swichi, halafu nani atanunua nyingine?"

"Bibi, ukiendelea kukatika mpaka jioni, nimepona."

"Hata ukikatika, waziri hasafiri bila jenereta. Njoo unywe chai."

Akabonyeza mara moja zaidi. Ta. Taa ikawaka. Nikamwona mjukuu wangu amesimama katikati ya sebule na kanga yangu mabegani, uso umesawajika, akiitazama balbu kama mtu anayemtazama askari mlangoni.

Nisimulie kisa chenyewe, ili mjue kwa nini mwalimu wa watu aogope taa.

*

Serikali yetu ina huruma sana. Iliona kuwa watoto wa mjini wanafanya mtihani wa darasa la sita kwa kompyuta na watoto wa kwetu Mlowezi wanafanya kwa kalamu, ikasema huo ni ubaguzi. Ikaamua mwaka huu wote wafanye kwa kompyuta, aliyewahi kuiona na asiyewahi, ili pasiwe na upendeleo.

Basi tukajengewa shule mpya, nzuri, inayonukia rangi. Kompyuta zikaja kwenye lori, zimefunikwa nailoni nyeupe, na askari juu yake. Wale vijana wa lori walizibeba kwa upole, mmoja akawa anaiambia kompyuta, "Pole, pole mama, tumefika." Nilimpenda bure.

Lakini kuna sheria. Kwetu kitu cha serikali hakihesabiwi kuwa kimezaliwa mpaka kizinduliwe. Daraja lisilozinduliwa hupiti. Ukipita ukaanguka mtoni, umejiangusha mwenyewe, kwa maana daraja halikuwapo. Kisima kisichozinduliwa huchoti, hata kama maji yanafurika na kukulowesha miguu. Na kompyuta isiyozinduliwa huiwashi, wala nailoni yake huivui. Wa kwanza kuiwasha awe Mheshimiwa Waziri wa Mambo Mapya, kwa kidole chake. Atakayewahi kabla yake ametenda Kosa la Kumtangulia Kiongozi, na adhabu yake ni kuhamishiwa Kituo cha Upepo, huko lami inakoishia, ambako mtumishi hupima upepo mpaka astaafu au apeperuke.

Mimi sheria hiyo niliielewa haraka. Nikamwambia Sikitu, "Wamezitia ndani kama mwali."

Akanijibu, "Mwali akitiwa ndani, Bibi, anakuwa na kungwi wa kumfunda. Hizi zimetiwa ndani tu, na wanaotakiwa kufundwa wako nje wanachungulia dirishani."

Tukamngoja Waziri. Ziara ya kwanza ikaahirishwa kwa sababu Mheshimiwa alikuwa na mafua. Ya pili ikaahirishwa kwa sababu mkasi wa kukatia utepe ulikuwa ng'ambo ukinolewa. Redio yetu ya taifa hutangaza habari mapema ili zisichelewe, kwa hiyo kila ziara iliyoahirishwa ilikuwa imeshatangazwa kuwa imefanyika na kufana sana. Tuliketi nyumbani tukasikiliza jinsi tulivyoshangilia.

Mtihani nao haukuahirishwa. Siku moja Sikitu akarudi kutoka shuleni, akakaa kwenye mkeka bila kuvua viatu.

"Bibi, mtoto wa watu ameniuliza kama kipanya cha kompyuta kinauma."

"Ukamwambiaje?"

"Nimeshindwa. Hata mimi niliviona mwisho chuoni." Akavua kiatu kimoja. "Mtoto ambaye hajawahi kukishika ataanza kujifunza siku ya mtihani?"

Kesho yake akaivua nailoni. Nasema ukweli, sikumkataza. Mimi nilikaa mlangoni na beseni la maji na taulo, watoto wakawa wananawa mikono kabla ya kuingia na kuvua kandambili zao. Waliokuwa na mikono mikavu waliwafutia wenzao. Wakimaliza, walizifunika kompyuta upya na kuikunja nailoni palepale pa zamani. Wiki kadhaa tukaishi hivyo, roho mkononi, na watoto wakajifunza kuandika, kufuta, kuchora mbuzi na kupiga hesabu.

Tatizo ni kwamba watoto wakipenda kitu hukipa salamu. Jumatano moja walijifunza namna ya kuifanya kompyuta imsalimie anayeiwasha. Wakaziwekea zote. Ukiiwasha, kwanza yanatokea maneno makubwa ya kijani: KARIBU TENA. Ukihesabu pumzi chache, chini yake yanafuata mengine: DARASA LA SITA, SHULE YA MLOWEZI.

Sikitu aliwapigia makofi, akasema kesho atawafundisha kuyaondoa. Hiyo kesho, kabla ya kengele, ikafika Tume ya Kulinda Mashine Zisiwashwe. Wakaufunga mlango kwa kufuli, wakabandika lakiri nyekundu, wakamshukuru Sikitu kwa kuzitunza kompyuta zikiwa hazijaguswa, wakaondoka.

Salamu ikabaki ndani, inamngoja Waziri.

*

Nchi yetu ina simu ya msaada kwa shule zote zenye kompyuta. Sikitu akaipiga mbele yangu, akaweka sauti ya nje ili nisikie.

"Msaada wa Mashine, shida yako ni fahari yetu," akasema kijana mmoja kwa sauti laini.

"Habari yako, kaka. Naomba kuuliza. Kama kompyuta imewekwa salamu, mtu anaweza kuiondoa akiwa mbali, bila kuingia chumbani?"

"Shule gani, dada?"

"Mlowezi."

Tukasikia vidole vikigonga. "Dada, hapa kwangu kompyuta za Mlowezi hazijazaliwa."

"Zipo, kaka. Zina salamu."

"Hazijazinduliwa, kwa hiyo hazijazaliwa. Sasa nitamtibuje mtoto ambaye hajazaliwa?"

"Na zikizinduliwa?"

"Hapo zitakuwa nzima, kwa sababu Mheshimiwa hazindui kibovu. Kizima nacho hatukitibu."

"Sasa nyinyi huwa mnatibu nini?"

Vidole vya yule kijana vikaacha kugonga. "Dada yangu, wewe ndiye mtu wa kwanza kupiga tangu niajiriwe. Hata sijui. Lakini nakuombea." Na kweli tukamsikia akitia dua kabla ya kukata simu. Kijana mwema. Wangapi wenye vyeo watakuombea?

*

Siku yenyewe msafara ulitanguliwa na Afisa Itifaki, Bwana Lukindo, mwembamba, suti yake imemzidi mabega. Kazi yake ilikuwa kupanga nani asimame wapi na nani afurahi saa ngapi. Alifika mapema kabisa, hajala. Nilimpa chai na kitumbua, akala amesimama nyuma ya darasa ili asionekane, kisha akaiosha bilauri mwenyewe na kuifuta. Sijasahau.

"Bibi," akaniambia, "wewe umeteuliwa kuwa Kikongwe wa Furaha. Kila uzinduzi lazima awepo mmoja. Utakaa mbele, na kompyuta ikiwaka utalia."

"Nitalia, mwanangu. Wala usitie shaka."

"Baada ya kuwaka, Bibi, siyo kabla. Mahali pengine kikongwe alilia wakati wa wimbo wa taifa, ikaleta maswali."

Mheshimiwa akaja. Lakiri ikabanduliwa kwa heshima zote. Tukaingia chumbani, wakubwa kwenye viti, watoto ukutani, mimi mbele na leso yangu. Sikitu alikuwa amesimama kando ya kompyuta ya kwanza, ile atakayoiwasha Waziri, amefumbata mikono mpaka vidole vimepauka. Juu ya meza zote nailoni zilikuwa zimezifunika kompyuta, zimekunjwa vizuri kabisa. Nikawatazama watoto, nao wakaangalia miguu yao. Walikuwa wamevua kandambili mlangoni kwa mazoea, bila kuambiwa na mtu.

Mkurugenzi wa Mazinduzi, Bwana Chambuso, mtu mkubwa mwenye mkasi wa dhahabu kiunoni, akaziona zile kandambili.

"Mbona wamevua viatu?"

Sikusikia pumzi ya Sikitu. Nikajibu mimi, "Heshima tu, baba. Mwali havamiwi na viatu."

"Safi sana," akasema Bwana Chambuso. "Utamaduni."

Ndipo Mheshimiwa akahutubia.

"Ndugu wananchi! Zamani mlikuwa gizani. Giza lenyewe lilikuwa la kizamani, halina mpango, kila mtu na lake. Serikali haikulala! Imeliweka giza hilo katika mfumo mmoja. Leo mtoto wa Mlowezi asiyejua kitu atakuwa hajui kitu kwa njia ya kisasa!"

Makofi. Nami nikapiga, ametoka mbali, na koo lilimkauka.

"Wapo wanaouliza, kwa nini kompyuta zilikaa zimefungwa? Nawajibu. Asali ya kwanza analamba nani? Analamba mwenye mzinga! Na leo kidole changu, ambacho kimefungua madaraja, visima, na choo cha Bunge, kitagusa kitufe ambacho hakijaguswa na binadamu!"

Nailoni ikavuliwa. Kidole kikainuliwa. Wapiga picha wakasogea. Nilimtazama Sikitu, naye akanitazama mimi, na macho yake yalikuwa yaleyale ya siku aliyoletwa kwangu mdogo, mama yake amezikwa, amebeba kimfuko chake mwenyewe. Machozi yakanitoka.

"Bado, Bibi, bado," akaninong'oneza Bwana Lukindo.

"Nimeshindwa, mwanangu."

Kidole kikagusa. Kompyuta ikanguruma taratibu. Kioo kikawa cheusi, kikawa cha buluu, kisha yakatokea maneno makubwa ya kijani.

KARIBU TENA.

"Tena?" akasema Mheshimiwa.

Mimi nilikuwa nahesabu pumzi. Bwana Lukindo alikuwa karibu na kioo kuliko wote. Nikamwona akiangalia yale maneno, akaangalia watoto ukutani na nyayo zao pekupeku, akamwangalia Sikitu. Kisha akaichukua ile nailoni, akajifanya anaikunja, akaikunjia palepale mbele ya kioo, ikafunika nusu ya chini. Mstari wa pili ulipotokea, ulitokea nyuma ya mikono yake.

"Nauliza, tena?" akasema Mheshimiwa. "Hii ilishawahi kuwashwa?"

"Hapana, Mheshimiwa," akasema Bwana Lukindo. Sauti yake ilikuwa kavu. "Inakukaribisha wewe. Umeshafika hapa Mlowezi. Redio ya taifa ilitangaza."

Mheshimiwa akamgeukia Bwana Chambuso. Bwana Chambuso naye alikuwa ameshalipwa posho ya zile ziara zote, maskini, akatoa leso akajifuta shingo.

"Ni kweli, Mheshimiwa. Ulifika. Ziara zilifana sana."

"Nilifika?" Akafikiri. "Nilipaonaje?"

"Ulipapenda, Mheshimiwa."

"Ndiyo," akasema Mheshimiwa polepole. "Nakumbuka palikuwa na upepo mzuri." Uso wake ukachanua, akawageukia wapiga picha. "Mmeona? Hata mashine inamjua kiongozi wake!"

Nikapiga vigelegele. Nilipiga kwa nguvu zangu zote za uzee, watoto wakadakia, kina mama nje ya dirisha wakadakia bila kujua kuna nini, na katika kelele hizo Bwana Lukindo akanyoosha kidole chini ya nailoni akaizima kompyuta. Sikitu alikuwa ameegemea ukuta.

*

Nilidhani yamekwisha. Waziri alipokwenda kula pilau, wakaingia wale vijana wa lori na maboksi matupu.

"Shikamoo, Bibi. Tunaomba njia kidogo."

"Marahaba. Mnazipeleka wapi?"

"Shule ya Ng'ambo, kijiji jirani. Mheshimiwa anazindua jioni."

"Hizi hizi?"

"Ndizo zilizopo, Bibi." Yule aliyekuwa akizibembeleza kompyuta aliinamisha kichwa. "Pole sana."

Watoto hawakulia. Wakasimama tu wakitazama kompyuta zao zinavyovishwa nailoni, na mmoja akaenda kumsaidia kijana wa lori kuikunja pembe, kwa kuwa alikuwa akiikunja vibaya.

Bwana Lukindo akawasimamisha. Akamwendea Bwana Chambuso mlangoni, nami nilikuwa pale na beseni langu.

"Mkurugenzi, hizi haziwezi kuzinduliwa Ng'ambo."

"Kwa nini?"

Akaiwasha moja. Tukangoja. KARIBU TENA. Pumzi chache. DARASA LA SITA, SHULE YA MLOWEZI.

Bwana Chambuso akasoma huku midomo ikimtikisika. "Zote?"

"Zote, Mkurugenzi. Mheshimiwa akiiwasha Ng'ambo itamwambia yuko Mlowezi. Mbele ya kamera."

"Ziondolewe hizo takataka!"

"Zinaondolewaje, sijui. Wewe unajua?"

Bwana Chambuso akapiga simu ya msaada mwenyewe. Sauti laini ikamjibu kuwa kompyuta za Mlowezi zimezinduliwa leo, hongereni, kwa hiyo ni nzima. Akaitupa simu mfukoni. Mshipa wa shingo ulikuwa umemsimama.

"Nani ameandika?"

Watoto ukutani walijua namna ya kuyaondoa maneno yale. Kila mmoja wao alijua. Hakuna aliyefumbua mdomo.

"Nauliza mara ya mwisho! Nani ameziwasha kabla ya Mheshimiwa akaandika huu uchafu?"

Sikitu akasogea mbele hatua moja. Nikamwona anavuta pumzi ya kusema. Nilitaka kumshika kanga, mkono ukashindwa kufika.

"Mimi," akasema Bwana Lukindo.

"Wewe?"

"Mimi, Mkurugenzi. Nilitangulia kufika leo, nikaandika."

"Lakiri ilikuwa mlangoni!"

"Niliingilia dirishani." Suti ilivyomzidi mabega, hata mtoto mdogo asingeamini kuwa amepita dirishani nayo.

"Kwa nini, Lukindo? Kwa nini uandike jina la shule juu ya mali ya uzinduzi?"

"Nilidhani kompyuta ni za shule."

Bwana Chambuso alirudi nyuma kana kwamba ametukanwa. "Ulidhani?" akasema. "Mtumishi wa umma, miaka yote hii, ulidhani?"

"Nilidhani, Mkurugenzi."

Kompyuta zikabaki, kwa sababu hazikuwa na faida tena kwa mtu yeyote mkubwa. Maboksi yakaenda Ng'ambo matupu, yakazinduliwa yakiwa yamefungwa, na redio ikasema sherehe zilifana. Bwana Lukindo hakurudi na msafara. Alisimama barabarani na mkoba wake, akingoja gari la kumpeleka Kituo cha Upepo. Nilimfungia vitumbua vilivyobaki. Alikataa, kisha akapokea kwa mikono miwili.

*

Watoto walifanya mtihani wao. Matokeo redio ilishayatangaza kabla hawajaukalia, kwa hiyo tunayangoja ya kweli.

Likizo ilipofika, mimi na Sikitu tukasafiri mpaka lami ikaisha, tukatembea mpaka kunguru wakaisha. Kituo cha Upepo ni kibanda cha bati na nguzo yenye pangaboi juu. Bwana Lukindo alitupokea amevaa ile suti. Huko mabega yake yalikuwa yakijaa upepo, akaonekana mnene. Kazi yake ni kuupima upepo kila asubuhi na kuwapigia makao makuu, nao humjibu kama umeidhinishwa.

"Na usipoidhinishwa?" akauliza Sikitu.

"Nauambia samahani, unapita hivyo hivyo."

Tulicheka. Alikuwa na kikombe kimoja tu. Akatupa sisi kwanza, kwa zamu, yeye akanywa mwisho. Sikitu alikuwa hajaweza kumtazama usoni tangu tufike. Hatimaye akasema, "Kaka Lukindo, hapa palikuwa pangu."

"Najua, mwalimu."

"Kwa nini basi?"

Alikizungusha kikombe mikononi. "Nimefunua vitu vingi katika nchi hii. Sijawahi kufunua kitu kikawa kimeshamzoea mtu. Nikaona vile viguu vya watoto pekupeku." Akaishia hapo, akatuuliza kama watoto bado wananawa mikono.

"Wananawa," nikasema. "Beseni ninalo mimi."

Jua lilipoanza kushuka ilibidi tuondoke, kwa kuwa ni mbali. Alitusindikiza mpaka mwisho wa eneo lake, akasimama penye jiwe lililopakwa chokaa, maana mtumishi wa kituo kile haruhusiwi kulivuka. Tulikuwa tumeshapiga hatua chache alipoita. Upepo ulikuwa mkali, akalazimika kuweka mikono mdomoni.

"Bibi! Mwalimu! Mje tena!"

Tukageuka tukampungia.

"Mje kweli," akasema, taratibu kidogo. "Mkipata nafasi. Mje tena."